Nilivyochoma laki nane kabla sola ya mama haijakaa sawa

Mwaka 2019 mwezi wa tatu mama yangu aliumwa siku tatu mi sina habari. Niko zangu Karume, Dar, nauza mitumba, napiga simu naambiwa haipatikani, nikajisemea kawaida tu, maana simu ya mama ilikuwa haipatikani siku nne kwa wiki. Kuichaji mpaka apate mtu anayeenda senta ampe, 300 kwa simu moja, inaachwa asubuhi inafuatwa jioni, na huyo mtu akikutana na pombe njiani basi inarudi kesho yake. Siku ya nne ndo mdogo wangu akanipigia kwa simu ya jirani kwamba mama alikuwa na malaria kali, walimbeba usiku kwa bodaboda, ameshapata nafuu usiwe na wasiwasi. Usiwe na wasiwasi! Nililia pale pale juu ya belo la magauni, wateja wananiangalia.

Kwetu ni Singida, Ikungi. Kitongoji chetu kiko kama kilomita 4 kutoka senta ya kijiji, na hiyo kilomita 4 naomba uishike kichwani. Watu wa mjini mkisikia kijiji kina umeme mnadhani kila nyumba ina taa. Tanzania bara ina vijiji 12,318 lakini vitongoji ni zaidi ya elfu 64, so nguzo ikifika shuleni na kwa mtendaji kijiji kinahesabika kimefikiwa, wakati nyie wa huku nyuma ya mlima bado mnatazama taa za wenzenu kwa mbali kama nyota. Kwetu nguzo zilifika senta 2021. Bei ya kuunganishiwa kijijini ni 27,000 tu, nani ataikosa hiyo, ila 27,000 ni kama nguzo iko karibu na wewe, na kwetu haipo mpaka leo naandika.

Kabla ya sola ni koroboi. Nimesoma kwa koroboi mpaka darasa la saba, asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi. Mafuta ya taa nayo tangu bajeti ya 2011 walipopandisha ushuru ili watu waache kuchakachua dizeli, yakawa ghali, mama akawa ananunua kwa kipimo kile kidogo cha dukani, anawasha wakati wa kula tu, wakimaliza anapuliza. Nilimwekea tochi ya betri kavu, betri zinaisha wiki mbili. Kwa hiyo baada ya ile malaria nikaapa, mama lazima awe na umeme wake mwenyewe.

Hapo ndo nikaanza kupoteza hela.

Kosa la kwanza lilikuwa sola ya mkopo, ile ya lipa kidogo kidogo. Kampuni sitaitaja. Walikuwa na wakala pale senta, kijana msafi ana fulana na kishikwambi, akamfungia mama taa tatu, redio na sehemu ya kuchaji simu. Kianzio 40,000 halafu 600 kwa siku kwa miaka mitatu. 600 unaona ni nini, si hela ya vitumbua vitatu? Sikupiga hesabu. Nimekuja kuipiga mwaka mmoja baadaye usiku nimekaa kitandani, 600 mara siku 365 mara miaka mitatu ni 657,000, weka na kianzio ni karibu laki saba, kwa taa tatu na redio. Sisemi mfumo wenyewe ni wizi, hapana, mtu wa duka anayeingiza hela kila siku unamfaa sana na kuna watu nawajua wamemaliza deni na vitu bado vinawaka. Ila mama yangu ni mkulima wa alizeti. Hela anaiona mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa sita hivi mavuno yakiuzwa, na ule mwezi wa kwanza na wa pili watu wanakula majani. Sola yenyewe haijui msimu. Usipolipa inafunga, giza.

Halafu sikia hili. Malipo ni kwa simu. Sola ikifunga, simu haichajiki. Simu isipochajika, huwezi kulipa ili sola ifunguke. Mama akawa anatembea kilomita 4 kwenda kuchaji simu senta ili alipie kitu kilichonunuliwa ili asitembee kilomita 4 kwenda kuchaji simu. Nilipojua nikawa nalipa mwenyewe kutoka Dar, 18,000 kila mwezi. Mwezi wa 14 taa mbili zikafa, nikapiga namba ya huduma inaita mpaka inakata, wakala nikaambiwa kaacha kazi yuko Manyoni anaendesha boda. Nikaacha kulipa. Sikuona mtu amekuja hata kuchukua vifaa vyao, bado viko ukutani kama picha ya harusi. Hapo nimeacha 292,000.

Kama unataka ya mkopo, maswali ni haya nayokupa bure: jumla ya hela mpaka mwisho ni ngapi (siyo kwa siku, JUMLA), fundi wao wa karibu yuko wapi na kuna mtu ameshamuona kwa macho, na je naweza kulipa mkupuo wakati wa mavuno halafu nikae miezi sita bila kusumbuliwa. La tatu ndo muhimu kwa mkulima. Wapo wanaokubali, ila lazima uulize kabla hujaweka dole gumba.

Kosa la pili nililifanya mimi kwa mikono yangu, na hili linaniuma zaidi maana nilijiona mjanja. 2020 mwezi wa kumi nikaingia Kariakoo na 520,000. Nikasema sitaki mkopo wa mtu, nanunua cash, vitu vya kwangu. Nikauziwa paneli imeandikwa wati 200, betri ya N70, kontrola (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa paneli uingie kwenye betri), inveta ya wati 1000 (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na waya. Muuzaji ananiita dada yangu dada yangu, anafunga mzigo anapiga na muhuri. Nilipanda basi la Singida nimeubana ule mzigo miguuni kama mtoto.

Sa nikwambie nilichokuja kukijua baadaye. Ile paneli haikuwa wati 200, fundi alipokuja kuipima ilikuwa inatoa kama 80. Na ningeweza kujua pale pale dukani bila kipimo chochote. Paneli ya kawaida, mita moja ya mraba inatoa kama wati 200 jua likiwa kali sana, zile nzuri zaidi zinazidi kidogo. Yangu ilikuwa haifiki hata nusu mita ya mraba. Yaani kwa ukubwa ule paneli ya dukani haiwezi kutoa wati 200, hata muuzaji aape vipi. Kwa hiyo nenda na futi kamba. Pima urefu kwa upana, zidisha, halafu angalia lebo ya nyuma kama inaongea ukweli. Muuzaji akikuchekea mwache acheke.

Betri nayo. N70 ni betri ya gari. Ya gari imetengenezwa kutoa moto mkubwa sekunde chache gari liwake halafu alternata inaijaza, haijatengenezwa kunyonywa taratibu usiku kucha. Ukiinyonya mpaka chini kila siku miezi michache tu imekwisha. Hata ile inayoitwa betri ya sola, kama ni ya tindikali au jeli, usitumie zaidi ya nusu yake. Nusu! Hakuna mtu aliniambia. Betri imeandikwa 100Ah ya volti 12, zidisha unapata wati saa 1200 kwenye karatasi (wati saa ni wati za kitu mara masaa kinayowaka), wewe hesabu una 600.

Fundi niliyempata alikuwa fundi redio, mtu mwema sana ila sola alikuwa anaijulia njiani. Nyumba ya mama ni tembe, juu udongo, paneli haikai, akaiweka kwenye nyumba ya bati ya mdogo wangu ng'ambo ya uwanja halafu akavuta waya mita 18 mpaka ndani kwa mama kwenye betri. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani. Mwangaza ukawaka, tukapiga vigelegele, mama akachinja kuku. Ila waya mwembamba kwa umbali ule unakula karibu volti 2 njiani. Paneli ya mfumo wa volti 12 inatoa kama 17 au 18, ikiwa imelala juu ya bati la moto zinashuka tena, na betri inataka ifike 14 na kitu ndo ijae. Toa hizo volti 2 zilizopotelea uwanjani, betri yangu haikujaa hata siku moja tangu izaliwe. Tulikuwa tunamnyonya mtoto mwenye njaa.

Na mdogo wangu akamalizia. Kuna TV ya zamani alinunua, na sabufa. Kontrola ina kazi ya kukata betri ikishuka chini ili isife, sasa kila saa mbili usiku mpira unapochangamka inakata. Yeye akaiona kontrola ni adui. Akachukua waya za inveta akazipachika moja kwa moja kwenye betri, na taa akaziunga hapo hapo. Inveta nyingi zenyewe hazikati mpaka betri ifike volti 10 na nusu, hapo betri imeshakuwa maiti. Miezi mitano. Mwezi wa tatu 2021 mama akanambia taa zinakuwa nyekundu kama kaa la moto halafu zinazimika. Nilimtukana mdogo wangu kwenye simu maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wa mama yake, hatukuongea mpaka sikukuu. Leo nikiangalia naona yule hakuwa na kosa kubwa, sisi tulimletea mashine tukamwachia bila kumweleza ile taa nyekundu kwenye kontrola ina maana gani. Angejuaje?

Mzee mmoja wa pale, mwenyekiti wa kitongoji, nilipoenda msalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaniuliza hii ya kwako nayo imekufa? Nikasema imekufa mzee. Akacheka, akasema twende nikuonyeshe makaburi mengine. Akanipitisha. Nyumba ya kwanza paneli iko juu ya bati, chini hakuna kitu. Ya pili wanatumia paneli kuanikia dagaa, sitanii. Halafu akanipeleka zahanati.

Zahanati ilipewa sola na mradi, miaka ya nyuma, paneli kubwa kubwa nzuri kabisa, ukipita barabarani unasema hapa pana umeme. Ndani betri zimekufa siku nyingi. Nesi akanambia kwa upole tu, kama anavyoongea mtu aliyezoea, kwamba akizalisha usiku anaishika simu kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Mke wa mdogo wangu alijifungulia pale, kwa mwanga wa simu iliyokuwa mdomoni mwa mtu. Nikauliza kwa nini msinunue betri, akasema dada, betri iko kwenye fungu gani? Mradi ulileta sola, mradi ukapiga picha, mradi ukaisha. Kila mwenye cheo ukimuuliza anakwambia siyo yangu ile, ni ya mradi. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyochoka kwenye basi.

Hapo ndo kichwa kilifunguka. Paneli zote nilizoonyeshwa na mzee zilikuwa nzima. ZOTE, hata ya dagaa. Paneli nzuri inakaa miaka 25. Kinachokufa ni betri, kila baada ya miaka miwili, mitatu, ukibahatika minne, na siku inapokufa hakuna hela ya nyingine wala hakuna mtu aliyejiandaa. Sisi tunanunua sola kama tunavyonunua kabati, ukishaweka umemaliza, kumbe ni kama kununua ng'ombe wa maziwa.

Nilikaa mwaka mzima sifanyi kitu, kwanza sina hela, pili nina aibu. Mama nikamnunulia taa ndogo ya sola ya mkononi yenye sehemu ya kuchaji simu, 45,000, na ningeomba kila anayeanza aanzie hapo jamani. Hizi taa ndogo na seti ndogo kuna mpango unaitwa VeraSol unazipima ubora, orodha yao iko mtandaoni, unatafuta modeli kabla hujatoa hela. Ile taa mpaka leo inawaka. Kwa kazi mbili tu, mwanga na simu, ilimfaa mama kuliko laki nane zangu zote.

2022 nikapata fundi wa kweli, kijana aliyesoma umeme VETA halafu akajikita kwenye sola. Simu ya kwanza hakunitajia bei. Aliniuliza, mama anatumia nini, saa ngapi mpaka saa ngapi? Nikaona anapoteza muda. Akanambia dada nenda kaandike kwenye karatasi. Basi tukaandika: taa nne za wati 5, masaa matano, hiyo 100. Redio ya wati 5 masaa sita, 30. Simu nne kwa siku, kama 10 kila moja, 40. TV ndogo ile ya kutumia volti 12 moja kwa moja bila inveta, wati 20 kwa masaa manne, 80. Jumla wati saa 250 kwa siku. Sasa betri ya 100Ah tunasema una 600 za kutumia, kwa hiyo mawingu yakikaa siku mbili mama bado anaona. Paneli ya wati 150 kwa jua la Singida, hesabu masaa matano ya jua kali, toa theluthi moja ya upotevu wa joto na vumbi na waya, unabaki na kama 500. Inatosha na chenji inabaki. Hesabu ya darasa la tano hii! Mi nilishaunguza laki nane kwa kukwepa hesabu ya darasa la tano.

Matumizi ya awamu hiyo naweka wazi: paneli 165,000, betri ya jeli 410,000, kontrola 55,000, waya na swichi na fyuzi 118,000 (waya wa milimita 6 ndo ulikula hapo, unauma kulipia ila usiukwepe kama umbali ni mrefu), taa 32,000, fundi 80,000, kusafirisha 30,000. 890,000. Inveta tuliitupa, kila kitu ni volti 12 moja kwa moja, maana inveta yenyewe inakula hata kama hujachomeka kitu.

Fundi alifanya mambo ambayo yule wa kwanza hakufanya. Paneli aliiangalizisha kaskazini, maana sisi tuko kusini ya ikweta, akaiinamisha kidogo kama digrii 15 ili mvua ioshe vumbi. Singida ni upepo jamani, aliichomelea fremu ya chuma na kuifunga kwa bolti zilizopita ndani ya mbao akazigonga kichwa, upepo hauing'oi na mwizi atahitaji siku nzima. Akakata tawi moja la mwembe. Nililalamika kwa tawi lile, kivuli ni kidogo tu, akanambia vipande vya paneli vimefungwa kwa mstari kama watu wanapokezana ndoo, mmoja akisimama maji hayafiki. Na kuku! Kuku walikuwa wanalala juu ya ile bati, kinyesi kinaganda kwenye kioo. Mama sasa ana kitambaa chake, anafuta asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana kioo kikiwa cha moto humwagii maji baridi.

Ila jambo kubwa alilofanya ni kukaa na mama, siyo na mimi wala na mdogo wangu. Masaa mawili wamekaa kwenye kigoda. Alimfundisha kusoma ile namba kwenye kontrola: asubuhi kabla jua halijatoka ukiona 12.5 kwenda juu umelala salama, ukiona 12.1 leo hakuna TV, ukiona chini ya hapo zima kila kitu acha taa moja. Mama yangu hakumaliza hata darasa la nne lakini namba hizo anazijua kama umri wa wajukuu. Kule Unguja, Kibokwa, kuna chuo cha Barefoot kinafundisha akina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, nilikuwa nikisikia naona ni mambo ya wafadhili kupiga picha. Sasa naelewa. Kijana ukimfundisha kesho yuko Dar anauza simu, mama yuko pale pale, na yeye ndo anayekaa gizani mashine ikifa.

Majirani wakaanza kuja na simu. Mwanzo bure, mama haoni vibaya, halafu zikawa simu 15 kwa siku na namba ikawa inaamka 12.0. Akanipigia, nikasema toza, akasema nitamtozaje mke wa shemeji yangu? Tulibishana wiki. Mwisho akapata maneno yake mwenyewe, akawa anawaambia hela siyo yangu ni ya betri. 200 kwa simu, mwisho wa kupokea saa kumi jioni, simu nane tu kwa siku. Akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, linaitwa kopo la betri, na ule msemo ulisaidia sana, maana kumnyima shemeji ni ugomvi ila betri haina ukoo.

Msije mkadhani lilienda kama kwenye semina. Kwa hesabu za kwenye karatasi simu sita sita kwa siku, siku 25, ni 30,000 kwa mwezi, miaka miwili ningekuta laki saba. Nilikuta 340,000. Nyingine ilienda kwenye sare za shule, nyingine kwenye msiba, kuna 20,000 mama mwenyewe hakumbuki. Sikusema neno. Mwaka 2025 betri ilipoanza kuchoka, yaani inajaa haraka na kuisha haraka, tulikuwa na 340,000 mkononi badala ya sifuri, mi nikaongezea kidogo tukanunua ya lithiamu, ndogo kwa umbo ila unaweza kuitumia karibu yote na inavumilia miaka mingi zaidi. Ukibadilisha kwenda lithiamu hakikisha kontrola inaikubali na mpangilio wake umebadilishwa, jirani yetu mmoja alipachika tu akaishia kuilaumu betri.

Zahanati nayo ilipata betri, na hapa sina sifa yoyote ya kujipa. Ni mwenyekiti na kikundi cha VICOBA cha akina mama ndo walibana kwenye mkutano wa kijiji mpaka ikaingizwa kwenye matumizi. Ilichukua miezi 11. Nesi sasa anaandika kwenye daftari siku betri iliyonunuliwa, na kuna mtu mmoja jina lake liko ukutani kwamba yeye ndo mwenye kuulizwa.

Kuna kitu nilikosea nacho ambacho sola haikutatua. Siku ya kwanza taa zilipowaka mama aliniuliza, sasa hii inapika? Haipiki. Jiko la umeme la kawaida ni wati 1000 na zaidi, linamaliza zile 600 za betri ya mama hata saa moja haijaisha. Bado anapika kwa kuni, bado anakohoa. Januari 2025 pale Dar marais walikaa mkutano wa nishati wakasema Waafrika milioni 300 wapate umeme ifikapo 2030, nami nafurahi kabisa, ila nikisikia hivyo naona jiko la mama lenye mafiga matatu nakumbuka kuwa taa na jiko ni safari mbili tofauti. Mtungi wa gesi tulimpeleka, anautumia kwa chai tu, anasema kujaza ni mpaka senta.

Saivi mdogo wangu ananitafuta. Anataka friji, auze soda baridi na maji, anasema kitongoji kizima hakuna. Nimemwambia friji hata ile ndogo ya volti 12 kwa joto la kule itakula siku moja zaidi ya vyote tulivyoandika kwenye karatasi ya mama. Akasema basi tunaongeza betri. Nikamwambia aandike kwanza: soda ngapi kwa siku, faida kiasi gani, na betri ya kwanza ikifa hela inatoka kopo gani. Jana usiku kanitumia picha ya karatasi kwa simu, ameandika kwa peni nyekundu, kakosea kuzidisha kwenye mstari wa tatu.